Masanja na Kamba ya Mafundo Kumi

Jamani, Masanja hayupo! Karani wetu wa baraza, rafiki yangu mimi Ramadhani fundi cherehani, homa imemchukua kwa siku tatu tu. Moyo wangu umekataa kabisa.

Nabandika karatasi hii kwenye ubao wa baraza hapa Shinyanga, pale pale alipokuwa akibandika matangazo yake. Ujuaye kusoma, msomee mwenzio.

Mnakumbuka kesi zilivyokuwa kabla yake? Mtu anaficha hati ndani ya kanzu mpaka siku ya hukumu, kisha anaichomoa: hii hapa! Mwenzake hajapata hata siku moja ya kuichunguza.

Masanja akasema basi. Kila mwenye kesi aonyeshe karatasi zake na ataje mashahidi wake mapema, mpinzani apate kujua. Na siku ya mwisho iwepo.

Kalenda wengi hatuna, kwa hiyo aliwapa wote wawili kamba za katani, mafundo kumi kila moja. Kila asubuhi unafungua fundo moja. Ukifungua la kumi, leta ulicho nacho siku hiyo hiyo, kabla ofisi haijafungwa.

Nilimcheka! "Karani mzima unafunga kamba kama mchunga ndama?"

"Cheka tu, utaipata na wewe."

Nikaipata kweli, kesi ya kiwanja changu na jirani. Kamba nikaitundika jikoni. Asubuhi moja mimi nikadhani mke wangu, Mama Zuhura, kafungua, yeye akadhani nimefungua mimi. Nikafika na hati yangu siku moja baadaye, natabasamu.

"Yaya," akaniambia kwa Kisukuma. Hapana. Mtu aliyekula ugali kwangu miaka sita!

Kesi nikashindwa, nusu ya kiwanja ikaenda. Miezi mitatu sikuitikia salamu yake. Kila asubuhi anapita dukani, "Mwangaluka, Ramadhani," nami nakanyaga cherehani tu.

Kisha ikaja kesi ya Mama Nkamba, mjane wa Bugarama. Tajiri mmoja mnunuzi wa dhahabu alilitaka shamba lake. Nilikwenda barazani nimwone Masanja akiumbuka mbele ya mkubwa. Uongo wa nini? Ndivyo nilivyotaka.

Tajiri alikuja kamba yake imekwisha tangu juzi, akachomoa barua: eti marehemu alimpa shamba. Masanja hakuipokea.

"Unanijua mimi nani?"

"Nakujua, bwana mkubwa. Na Ramadhani yule pale namjua zaidi, ni ndugu yangu. Hati yake nilimrudishia. Muulize."

Baraza zima likanigeukia. Nikasimama, nikamwambia Mtemi, mwamuzi wetu: "Ni kweli. Nilichelewa siku moja, akanikatalia."

Mtemi akaamuru tajiri arudishiwe barua yake. Mama Nkamba analima shamba lake mpaka leo.

Angeipokea hati yangu, angeipokea na barua ile. Nusu ya kiwanja changu imelilinda shamba la mjane, na ninaona fahari, wallahi! Mji huu umewahi kuwa na karani ambaye hata rafiki yake hakuweza kumpinda.

Masanja, zile asubuhi za miezi mitatu sikuzisahau. Leo nimefika kwako alfajiri, kabla ya jamaa zako wote, nikakaa karibu na kichwa chako.

Mwangaluka, ndugu yangu. Mwangaluka, mwangaluka. Lala unono.