Kwaya Iliyorekodiwa Vizuri Mno

Shangazi yangu alikuwa na tabia ya kuvua saa ya mkononi kabla ya kuanza jambo lolote. Aliivua kabla ya kula, kabla ya kufua, kabla ya kumsikiliza mtu aliyekuja na habari mbaya. Aliitia kwenye mfuko wa sketi, kisha akainua uso kukuonyesha kwamba sasa unaweza kuendelea. Alisema mtu anayeongoza muziki huku akijua ni saa ngapi huharakisha bila kujijua. Hata siku mume wake alipobeba masanduku yake mawili na kuondoka, alivua saa kwanza ndipo akakaa kitandani. Mume alikuwa amesema hawezi kuzeeka na mwanamke anayehesabu mpaka nne usingizini.

Nafasi ya yule mume niliichukua mimi, nikiwa na miaka saba. Mama yangu alikuwa amefariki, baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na dada yake huyu alikuwa na vyumba viwili nyuma ya soko. Chumba cha ndani kilikuwa na kabati lenye kioo kilichopasuka pembeni, na mbele ya kioo hicho Shangazi alijifunza kazi. Alikuwa mpiga chapa wa manispaa. Manispaa ilikuwa na kwaya na okestra ndogo ya kutumbuiza kwenye hafla zake, na mwalimu wao alikuwa amestaafu. Hakuna aliyeitaka kazi ile ila yeye. Nota alizijua tangu shuleni. Mambo ya okestra aliyasoma kwenye vitabu viwili ambavyo mzee yule alivisahau kwenye droo. Jioni alinikalisha kitandani, mimi nikawa fidla, mto ukawa besi, ndoo ya maji ikawa ngoma.

“Fidla, umelala,” aliniambia.

“Sijalala, Shangazi.”

“Basi mbona mto umekutangulia?”

Baada ya miaka mitano alikuwa na waimbaji thelathini na sita na wapiga vyombo kumi na tisa. Walikuwa makarani, wauguzi, mafundi bomba, muuza nyama mmoja mwenye sauti ya nne iliyotikisa madirisha. Kazini wote walimwita Mwalimu, nami nikajifunza kumwita hivyo tukiwa mbele za watu. Nota za kila mpigaji alizinakili kwa mkono juu ya meza ya jikoni, akifuta makombo kwa kiwiko. Mpiga tarumbeta, ambaye kila mtu alimwita Mapafu, alizoea kunusa karatasi zake kabla ya kuziweka mbele yake. “Leo Mwalimu amekaanga vitunguu,” alisema. “Tutapiga kwa hamu.”

Nilipomaliza chuo, ambako nilisomea ufundi wa sauti, manispaa ilinipa ajira. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kuirekodi kwaya ya shangazi yangu. Mkuu wa idara ya utamaduni alitaka nyimbo tano zinazopigwa kwenye hafla ziwepo kwenye kanda, kwa dharura tu, mvua ikinyesha au vipaza sauti vikigoma. Aliona siku mbili zingetosha. Shangazi alitumia wiki tatu. Tulipanga magodoro ukutani katika ghala la manispaa ili kuzuia mwangwi, na ndani ya joto lile aliwarudisha watu kwenye mstari ule ule mpaka wengine wakalia. Ubeti mmoja wa sauti ya nne tuliurudia mara thelathini na moja. Muuza nyama akauliza kama amemkosea Mwalimu katika mizani.

“Nyama yako haina neno,” Shangazi alimjibu. “Ni hiyo *re* yako. Tena.”

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilijivunia kila nukta ya kazi ile. Ilikuwa safi mno. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu sote wawili, na hakuna aliyeliona.

Mara ya kwanza tuliitumia siku ya upepo, kwenye ufunguzi wa stendi. Vipaza sauti vilivuma, mkuu wa idara akanipungia mkono, nikabonyeza mashine ya kanda, na waimbaji wakafumbua midomo kuufuata wimbo wao wenyewe. Hakuna mgeni aliyetambua. Mkuu alisema hajawahi kuwasikia wakiimba vizuri hivyo, na kwa kweli hawakuwahi. Mara ya pili hapakuwa na upepo. Mara ya tatu hakuna aliyetoa sababu.

Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda taratibu. Nyuzi za fidla zilipokatika hazikununuliwa nyingine. Mazoezi ya Jumanne yalifutwa, kisha ya Alhamisi. Mwimbaji akistaafu, idara ilituletea kijana kutoka ofisi ya ardhi aliyependeza kwenye sare. Shangazi aliwafundisha vijana hao mahali pa kuvuta pumzi, kwa sababu wageni wa mstari wa mbele huona mabega. Aliwafundisha kwa bidii ile ile. Niliwahi kumkuta akimrudisha msichana mmoja mara kumi juu ya pumzi ambayo isingetoa sauti yoyote.

“Mwalimu,” Mapafu alimwambia siku moja, “mimi sasa napuliza hewa tupu. Ningejua mapema ningefungua kibanda cha kujaza matairi.”

“Matairi hayana subira kama mimi,” Shangazi alisema, lakini hakucheka.

Muuza nyama alikufa mwaka wa tano wa kanda. Ijumaa iliyofuata aliimba kwenye kikao cha wafadhili, imara kama kawaida, nyuma ya mdomo wa karani mmoja. Mpaka mwaka wa kumi na mbili tulikuwa na marehemu sita kwenye kanda. Katika wimbo wa tatu kuna mwanamke wa sauti ya pili anayekohoa kidogo sana mwishoni. Alikuwa wa kwanza kutangulia. Kila tulipofika hapo mkono wa kushoto wa Shangazi ulisita, kisha ukaendelea.

Alipobakiza miezi mitatu kustaafu, alinifuata kwenye chumba changu cha mashine na kufunga mlango.

“Kwenye ufunguzi wa wodi mpya, usibonyeze,” alisema.

“Waimbe wenyewe?”

“Nawafanyisha mazoezi mchana, saa ya chakula, kwenye ghala. Wiki ya tano sasa. Wazee wanne wamekubali kurudi. Nataka wimbo mmoja tu, mwanangu. Niusikie kabla sijaondoka.”

“Na mkuu?”

“Mwambie mashine imegoma.”

“Mashine ni mimi, Shangazi. Atanifukuza.”

Alijua nina watoto wawili na kwamba baba yao hakuwa mtu wa kutegemewa. “Najua ninachokuomba,” alisema. Nikamwambia sawa.

Hema lilikuwa jeupe, wodi ikinuka rangi mbichi. Mgeni rasmi alikaa katikati, mkuu wa idara kando yake. Mimi nilikuwa pembeni na mashine yangu, kidole kikiwa mapajani. Shangazi alitoa sauti ya kuanzia kwa kuiimba polepole, akainua mikono, nao wakaanza.

Ule mstari wa kwanza siusahau. Ulikuwa mwembamba, lakini hewa ya ndani ya hema ilisogea. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimesahau kwamba hewa husogea. Mstari wa pili vijana waliingia mapema. Wazee wakajaribu kuwangoja, fidla mbili zenye nyuzi zikamfuata huyu na yule, na sauti ya kwanza ikaanza kushuka. Mapafu alipuliza, tarumbeta ikatoa kitu kama mlango wenye kutu. Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma akacheka. Mkuu wa idara aligeuka, akanitazama. Hakukunja uso wala hakuashiria chochote. Alingoja tu, kama mtu anayejua utafanya nini.

Nikabonyeza.

Fidla kumi na moja za kanda ziliingia juu yao, kutoka mwanzo, nusu toni juu ya pale walipokuwa wameshukia. Kwa sekunde chache kwaya mbili zilisuguana. Kisha Shangazi alifunga ngumi na watu wake wakafumba midomo. Alikuwa amewapa wageni mgongo. Uso wake waliuona waimbaji peke yao. Aliteremsha mikono, akaacha fidla zipite hatua mbili za wimbo, akaikamata ya tatu na kuendelea nayo. Aliwaingiza wote mahali pao. Hakukosea hata hatua moja mpaka mwisho. Mgeni rasmi alisimama kupiga makofi, akidhani ule mchanganyiko wa mwanzo ulikuwa umepangwa.

“Umetuokoa,” mkuu wa idara aliniambia, na wiki iliyofuata nikapata barua ya pongezi. Ninayo bado. Sijui mtu huitupa wapi barua ya namna hiyo.

Shangazi hakunigombeza. Alistaafu, akarudi kwenye vyumba vyake viwili, nami nikawa nakwenda kila Jumapili na mboga na dawa. Tuliongea juu ya watoto, juu ya mgongo wa baba, juu ya paa linalovuja. Moyo wake ulikuwa unachoka na miguu ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Hatukuitaja wodi kwa miaka miwili. Nilimeza neno lile kila nilipofika na kila nilipoaga.

Alifariki siku ya Jumatano. Manispaa ilituma spika mbili na fundi mwingine, kijana aliyeajiriwa majuzi, akiwa na nyimbo zote tano. Baba alizirudisha. Tuliimba sisi wenyewe kaburini, Mapafu akitangulia, na tuliimba vibaya.

Jumapili ya kabla ya hapo nilikuwa nimekaa sakafuni nikimkata Shangazi kucha za miguu, kwa sababu hakuweza tena kuinama. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nilimwambia nikiwa nimeinamisha kichwa, nisimwone.

“Shangazi, siku ile ya wodi niliogopa. Uliniomba kitu kimoja tu maishani mwako.”

Nilimaliza mguu wa kulia, nikaanza wa kushoto. Nilidhani amelala. Nilipokusanya vipande vya kucha kwenye gazeti na kusimama, alikuwa ananitazama, macho makavu kabisa.

“Mstari wa pili walikuwa wameshapotea, na sikuwa na mkono wa kuwarudisha,” alisema. “Nilikuwa nakungoja wewe, mwanangu. Ulichelewa.”