Hadithi Aliyokuja Kuimaliza

Usicheke kabla sijafika mwisho. Mimi si mtu wa kuona mizuka. Nina diploma, nina kiti changu kanisani, na jambo hili lilinipata nikiwa na akili zangu timamu, hapa hapa Bukavu, mtaa wa Nyalukemba.

Naandika hadithi. Watu huniuliza nazitoa wapi, nami nilikuwa najibu kwa maringo: kichwani. Uongo mtupu! Zote zilikuwa za maman, mama yangu mzazi, mtu wa Kamituga ambaye hakujua kusoma. Alikuwa akisimulia jioni huku anachambua maharage, nami nikaziandika na kutia jina langu. Sikuwahi kumwomba ruhusa. Nani humwomba mama yake ruhusa?

Alipougua, jioni moja alianza hadithi ambayo sikuwahi kuisikia: binti katumwa maji, akarudi na ndoo kichwani, akakuta nyumba yao haipo. Mimi nilikuwa nahangaika na ripoti ya kazi. Nikamwambia, "Maman, ngoja kwanza, utanimalizia kesho." Kulipopambazuka alikuwa amefariki.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa natoka kazini, mvua ikanikamata njiani. Nikajibanza kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Umeme ulikuwa umekatika, giza linaingia. Palikuwa na mwanamke ameketi juu ya kreti, amejifunika kitenge hadi usoni. Nikamsalimia. Akaanza tu kusema, sauti imemkauka:

"Ule binti, ndoo iko tu ku kichwa, akauliza majirani: batu ya kwetu beko wapi?"

Hadithi ile ile! Sasa niambie, mtu mwenye akili angefanya nini? Angemtazama usoni. Lakini kazi yangu katika shirika ni kukusanya shuhuda za watu, Kalehe na kwingineko, na kwetu hairuhusiwi kumrekodi mtu kabla hajajaza fomu ya ruhusa. Niamini, mkono ulienda wenyewe mkobani. Nikawasha simu irekodi, nikatoa fomu, nikainamia karatasi.

"Samahani, maman. Kwanza, jina yenu ni nani?"

Mvua ilizidi juu ya bati.

"Mutoto yangu," akasema taratibu, "miye njo unauliza jina?"

Akafunua kitenge. Ukingoni palikuwa na alama ya pasi ya makaa, niliyoiacha mwenyewe Jumapili moja nikiharakisha kwenda misa. Kitenge hicho tulimzika nacho. Na uso ulikuwa wake, umechoka, machozi yanamtoka.

Sikuogopa hata kidogo. Niliona aibu, aibu ya kutamani ardhi inimeze.

"Maman, malizia. Niko nasikiliza."

Akaweka kidole gumba kilicholowa machozi kwenye fomu, kama wafanyavyo wasiojua kuandika. Kisha akainuka, akaingia mvuani. Nilikimbia nyuma yake hadi njia panda nikimwita. Hapakuwa na mtu.

Kwenye simu imebaki mvua, na sauti yangu peke yake ikiuliza jina. Fomu ninayo. Doa la kidole halijakauka hadi leo, na pale pa jina la msimuliaji nimeandika lake, baada ya kuchelewa miaka yote hiyo. Tangu siku ile, ukiacha haya yaliyonipata, sijaandika hadithi hata moja. Nikishika kalamu, nalia. Nimewauliza ndugu zake wote Kamituga jinsi ile hadithi inavyoisha, na hakuna anayeijua.

Wewe unayesoma, kama kwenu yupo anayesimulia, weka simu chini. Mwangalie usoni, umsikilize mpaka amalize, jioni hiyo hiyo. Mimi mama yangu alinisimulia hadithi ile mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeinamia karatasi. Yule binti bado amesimama pale na ndoo kichwani, anauliza watu wa kwao wako wapi.