Kutaka na Kuomba

Kibao cha kifuani kwangu kilisema Mzee. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, ndevu hazijanitosha hata kunyoa, na mtu yeyote wa Kilwa Masoko aliyenisogelea aliweza kusoma kwamba mimi ni Mzee. Ndivyo tunavyoitwa sisi vijana wa Kimormoni tunaotumwa kuhubiri wawiliwawili. Neno lile kwetu ni cheo, si umri, lakini hilo utalieleza kwa watu wangapi? Mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima aliyetupangisha vyumba vya uani, alikisoma kibao siku tuliyofika, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Karibu, babu." Kuanzia hapo nikawa Babu wa Kenya. Mwenzangu, kijana wa Kimarekani kutoka mahali penye theluji, akawa Babu Mzungu.

Mimi kwetu ni Bungoma. Nilipoambiwa nitatumikia Tanzania nilifurahi, kwa sababu nilijua lugha sitajifunza. Mwenzangu alikuwa amefundishwa Kiswahili darasani kwa wiki chache, mimi nimekua nacho. Kwa hiyo milangoni kwa watu mimi ndiye niliyekuwa msemaji, yeye akitabasamu na kubeba vitabu. Nilijivuna, tena sana.

Asubuhi ya kwanza nilimwambia mama mwenye nyumba, "Nataka ndoo."

Alikuwa anachambua kisamvu. Hakuinua hata kichwa. "Ndoo huitaki," alisema. "Ndoo unaiomba. Ukiitaka, nenda kainunue."

Nilidhani ananitania. Nilikwenda dukani nikasema, "Nipe sabuni," nikapewa bila kutazamwa. Mwenzangu akaja nyuma yangu na lafudhi yake ya kuchekesha, "Naomba sabuni, kaka," akapewa sabuni na pipi juu. Mwalimu wake alikuwa Mtanzania. Iliniuma kuliko nilivyoonyesha. Mzungu anapewa pipi kwa Kiswahili, mimi nanuniwa.

Mama mwenye nyumba hakuchoka kunisahihisha. Siku moja aliniambia, "Nyinyi watu wa ajabu. Mungu mnamwomba kutwa kucha, binadamu mnamwagiza." Nilicheka ili yaishe. Sikubadilika. Kwetu mtu akisema anataka maji, anapewa maji, na hakuna aliyetukanwa.

Katika wale waliokuja Jumapili kwenye chumba tulichokodi kwa ibada, alikuwamo dada mmoja wa Rondo, kule milimani Lindi, mtoto mchanga mgongoni. Mumewe, Mwislamu wa hapo hapo mjini, alikuwa muuza ng'onda, wale samaki wanaopasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa juani. Alikuwa akipandisha ng'onda Rondo kuwauzia wakulima, na safari moja akarudi na mke. Dada alilelewa kanisani huko kwao, na mumewe hakumzuia kuendelea kusali.

Alikuwa mkimya. Siku tuliyofundisha kwamba katika imani yetu familia yaweza kuwa pamoja hata baada ya kifo, alinyoosha mkono kama mtoto wa shule, akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Wiki iliyofuata akaomba tena nirudie. Ndipo akatueleza kwamba kabla ya huyu wa mgongoni alikuwa na mwingine, ambaye alikuwa ameanza kutembea, akamzika kwao Rondo. Alitaka kubatizwa. Hakuwa na sababu nyingine ila yule mtoto.

Kanuni yetu ni kwamba mwanamke aliyeolewa habatizwi mpaka mumewe aridhie. Dada alisema ameshamdokeza mume, naye hatakataa. "Ila kamwombeni vizuri," alisema. "Ni mtu mwema, lakini anapenda heshima." Mimi nilisikia kwamba hatakataa. Maneno mengine yalinipita.

Wiki yenyewe ilianza kama wiki nyingine. Jumatatu tulifua, nikazungumza na mama yangu kwa simu ya video, akanikemea kwamba nimekonda. Siku iliyofuata tulimsaidia jirani kupepeta ufuta mpaka vumbi likaniingia masikioni. Jumatano tukavaa mashati meupe, tukaenda kwa muuza ng'onda.

Njiani nilikuwa najipanga. Neno moja nililiogopa: bibi. Kwetu bibi ni mke wa mtu. Huku bibi ni mzaa baba au mzaa mama, na nilishachekwa kwa hilo. Nikajiambia, leo sema mke, usiteleze. Nililikariri njia nzima kama mtu anayekwenda kufanya mtihani.

Tulimkuta kwenye chanja zake za kuanikia, kisu mkononi, anapasua samaki. Wanaume wawili walikuwa wamekaa pembeni kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanapiga soga. Yeye alikuwa na umri wa kunizaa. Nikamnyooshea mkono, nikasema, "Habari yako." Hata shikamoo sikumpa. Kisha, bila kuuliza kazi wala watoto, nikasema kwa sauti ya mtu asiye na shaka:

"Tumekuja kwa sababu tunamtaka mke wako Jumapili hii."

Nilikuwa bado na nusu ya sentensi mdomoni, ile ya kubatizwa. Haikutoka. Mmoja wa wale wanaume aliangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Wanamtaka," akamwambia mwenzake. "Na siku wameshapanga."

Muuza ng'onda hakucheka. Alipangusa kisu kwenye gunia, upande mmoja, halafu upande wa pili. "Mnamtaka," alisema taratibu. "Basi, nimesikia."

Nilijaribu kueleza. Nilisema ubatizo, nilisema ruhusa, nilisema maji, na kila nilivyozidi kueleza yule mtu wa ndoo alizidi kucheka. Muuza ng'onda alituonyesha njia kwa ncha ya kisu, bila ukali. Tukaondoka.

Njiani mwenzangu aliniuliza kwa nini wamecheka. Nikamwambia sijui. Akafikiri kidogo, akasema darasani kwao waliambiwa kwamba kumtaka mtu ni kumtaka kimapenzi, na kwamba wawe waangalifu na neno hilo. Alisema kwa upole tu, kama mtu anayekumbuka somo. Nilitamani kumpiga.

Kesho yake mchana mama mwenye nyumba alirudi kutoka sokoni na habari. Dada alikuwa amepandishwa gari la Lindi asubuhi ile, mtoto mgongoni na nguo kwenye kanga. Mumewe alimsindikiza mwenyewe mpaka stendi, akamlipia nauli na kumnunulia maji. Alipoulizwa alijibu kwamba mkewe akakae kwao mpaka wanaomtaka wamalize kumtaka.

"Lakini anajua nilichokusudia," nilisema. "Mkewe mwenyewe alishamwambia."

"Anajua vizuri sana," alijibu mama. "Hana ujinga yule. Lakini watu walicheka. Mwanaume akishachekwa kwa ajili ya mkewe mbele za watu, kujua kwake kunamsaidia nini?"

Nilikaa kwenye kizingiti nikashindwa kula. Mjini neno lilikuwa limeshaenea, na watu walikuwa wananiita njiani, "Babu wa Kenya, leo unamtaka nani?" Hayo ningeyavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni yule dada ndani ya gari, anarudi kwao kama mke aliyekosa, kwa neno ambalo si lake. Nilikuja kumwambia kwamba familia yake haitatengana hata kaburini, nikaitenganisha kabla ya sala ya Ijumaa.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyesema kwamba lazima niende kuomba radhi, na kwamba atanipeleka. Tulingoja Ijumaa, watu watoke msikitini, mioyo iwe imetulia. Alinisimamisha uani kama mtoto anayekwenda shule.

"Kwanza vua hicho kibao. Huendi kwa mtu mzima kuomba radhi huku umejiandika Mzee."

Nilimwambia hatukivui tukiwa kazini.

"Kaa nacho, basi, niende mwenyewe."

Nikakivua, nikakitia mfukoni. Mwenzangu alinitazama, kisha naye akavua chake.

"Pili," alisema mama, "usimwambie pole. Nawasikia nyinyi Wakenya mkimkanyaga mtu mnasema pole. Pole anaambiwa aliyefiwa. Wewe unaomba radhi."

Muuza ng'onda alikuwa peke yake safari hii. Nilisimama mbali kidogo na chanja, nikasema, "Shikamoo."

Hakuitika. Alichukua samaki, akampasua, akampaka chumvi, akamlaza. Sikuwahi kujua jinsi shikamoo isiyojibiwa inavyokuwa nzito. Huwezi kuirudisha mdomoni, huwezi kusema jingine mpaka ipokewe. Akachukua samaki wa pili. Mama mwenye nyumba alikuwa ametazama baharini kama aliyekuja kupunga upepo tu.

"Marahaba," alisema hatimaye.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea wewe na mkeo. Naomba unisamehe."

Aliweka kisu chini. "Unaomba radhi kwa neno, au kwa jambo lililowaleta?"

"Kwa neno."

"Neno nimekusamehe. Wewe ni mgeni, na lugha ni ya watu." Akapangusa mikono. "Na jambo lenyewe, la Jumapili? Bado mnalo?"

Nilijua ninachopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, nilichotakiwa ni kuomba ruhusa kwa adabu, kama nilivyopaswa kufanya tangu Jumatano. Mwenzangu alikuwa ananitazama. Lakini nilimwona dada ndani ya lile gari, nikaona kwamba nikitaja ubatizo tena nitaharibu hata kile kidogo kilichopatikana. Niliogopa. Ukweli ni huo.

"Naomba umrudishe nyumbani," nilisema. "Sina ombi jingine."

"Hilo nimelisikia," akasema, akarudi kwenye samaki wake.

Kesho yake alipanda Rondo. Jumapili hawakuwa wamerudi, na kile chumba chetu cha ibada kilionekana kikubwa kuliko kilivyokuwa. Tuliimba, mimi sauti haikutoka vizuri. Nilijipa moyo kwamba nimefanya la busara, kwamba kwa mara moja niliomba, tena niliomba jambo lililo sawa.

Jumatatu, nikiwa nafua uani, dada aliingia na mtoto mgongoni na furushi dogo la ng'onda mkononi. Alimwamkia mama mwenye nyumba, akampa samaki, kisha akaja niliko. Niliacha nguo, nikasimama na mikono yenye povu. Nilifurahi kumwona hata nikacheka peke yangu. Yeye hakucheka.

"Mume wangu ameniambia mlikuja," alisema. "Ameniambia alikuuliza habari ya Jumapili."

"Ndiyo."

"Angekubali, kaka. Alikuuliza ili umwombe. Alishalimaliza moyoni, alikuwa anangoja neno lako tu." Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Umeomba nirudi. Mimi ningerudi tu, ile ni nyumba yangu. Hasira zake nazijua, hazimalizi wiki."

Nikamwambia tutakwenda tena, leo hii, tutaomba vizuri. Alitikisa kichwa.

"Sasa haiwezekani. Ameshanirudisha kwa ombi lako; akiridhia na hili, wale waliocheka watasema mmempata mliyemtaka. Naomba msinipitie tena. Naomba, kaka."

Alilisema neno lile kwa upole uleule niliokuwa nikifundishwa tangu siku ya ndoo, na sikuwahi kufungiwa mlango namna ile. Tulikuwa tumefundishwa jibu la kila kizuizi ambacho mtu anaweza kukitoa. Hilo la naomba halikuwamo.

Aligeuka kama anaondoka, halafu akasimama.

"Naomba uniulizie kitu kimoja, au kama unajua uniambie. Yule mtoto wangu wa Rondo. Nisipobatizwa, bado ni wangu?"

Somo letu juu ya hilo nalijua. Lina hatua zake na masharti yake, ubatizo ukiwa wa kwanza, na mimi nilikuwa nimelifundisha mara nyingi bila kukosea. Mwenzangu alikuwa ametoka ndani, amesimama mlangoni na shati lake bichi mkononi, ananingoja niseme lililo sahihi.

"Ni wako," nilisema, kavu, bila naomba wala samahani, kama tunavyosema kwetu.

Dada aliitikia kwa kichwa. Akashukuru, akamuaga mama mwenye nyumba, akatoka kwa mlango wa uani.