Kifungo cha Pili

Mwalimu wa kitengo hatunaye tena. Ujumbe ulinifikia Jumanne asubuhi nikinywa chai; nikausoma, nikamalizia chai yangu. Tulikuwa majirani huku Ruhuwiko. Alifundisha kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili katika shule moja ya msingi hapa mjini, darasa zima peke yake. Hospitali wamesema ni presha. Sina cha kubishana nao, na kusema kweli tangu Jumanne sina hamu ya kubishana na mtu yeyote.

Mwaka jana nilimkuta jioni amekaa kizingitini kwake, mkoba begani, mlango haujafunguliwa. “Mwalimu, umepoteza funguo?” “Ninazo, kaka. Nguvu za kusimama ndizo sina.” Akanieleza habari za mwanafunzi wake aliyetumia muhula mzima kujifunza kufunga kifungo kimoja cha shati. “Leo kafunga cha pili, mwenyewe. Zamani ningepiga vigelegele. Leo sikuhisi chochote, nimemwangalia tu. Hapo ndipo nimeogopa. Wewe si unaandika gazetini? Waandikie kwamba nimechoka. Nipate mwenzangu, hata wa siku mbili kwa wiki.”

Nami, mjinga mimi, nikaandika habari za kifungo tu. Safu ikawa tamu, nikamwita mama asiyejua kuchoka, nanyi wasomaji mkanipongeza. Mwalimu mkuu akaikata na kuibandika ofisini. Mwalimu alipokwenda kuomba msaidizi, akaonyeshwa ukutani: “Wewe tena? Na gazeti zima limekusifu!” Aliponisimulia alicheka kidogo. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Ndivyo tulivyo. Mwalimu wa kitengo, wenzake humwambia hana madaftari ya kusahihisha, basi ashike zamu. Sisi wazazi na majirani tunamwambia Mungu atamlipa, kisha haoo, tunakwenda zetu. Na mtu akishasifiwa hivyo, huona aibu hata kuomba siku ya kupumzika.

Tumemzika kwao, Madaba. Wasifu wake ulimalizika kwa maneno yangu: asiyejua kuchoka. Sikulia. Niliangalia viatu vyangu, vimejaa udongo. Jumatatu nikapita shuleni, nikakuta binti mgeni na watoto wote wale, peke yake. Nikamuuliza anaendeleaje.

“Shikamoo, mzee. Nitazoea tu.”

Huyu sitamsifu. Naandika nilichotumwa mwaka jana: mwalimu wa kitengo anachoka. Mpeni mwenzake, hata wa siku mbili kwa wiki.