Santuri Iliyoimbwa kwa Miguu

Wateja walimwita Fundi Domo. Aliimba akishona, na akinyamaza ujue sindano imekatika. Nyimbo zake zilikuwa za kusuta tu: mume mvivu, jirani mdokozi, mama mkwe anayefunua masufuria ya watu. Mwenye studio alikuja kupunguza suruali, akamsikia, akamwambia aje Jumamosi warekodi santuri nzima.

Jumamosi hiyo Domo akatinga na gauni jipya, wifi yake nyuma kama mkia. Wakamwingiza kwenye chumba kilichofunikwa magodoro hadi ukutani, maikrofoni puani. Akafungua kinywa. Kimya. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya mbuzi aliyebanwa mlangoni.

Fundi mitambo akatazama saa. "Mama, saa sita inaingia kwaya. Kama hujaimba, rudi kwenye viraka vyako, hatuitani tena."

"Kumbe domo lenyewe la nyumbani tu!" wifi akacheka.

"Nikome, wifi! Nitaimbaje na miguu imekaa kama wageni?"

Wifi alikuwa na ulimi wa pilipili, ila mjinga hakuwa. Akatoka mbio, akarudi na mkokoteni, cherehani juu yake.

"Chuma hicho kitaharibu kila kitu!" fundi mitambo akang'aka.

"Kwaya yako inakuja saa ngapi vile?" wifi akamuuliza.

Domo akaweka mguu kwenye pedali, akakanyaga, na sauti ikaja yenyewe. Nyimbo nane moja kwa moja, na foronya mbili akazishona humo humo. Ila kwa ile haraka hakuna aliyetia mafuta, na kwenye wimbo wa tatu gurudumu likalia: kwiii! Kwaya ilishafika mlangoni. Muda wa kurudia haukuwepo, kwiii ikabaki kwenye santuri.

Leo mabendi yote yanaiga mdundo ule wa pedali. Wataalamu wa redioni wanaapa ni ngoma ya mababu. Na kwenye wimbo wa tatu, wa gitaa analiza gitaa kwiii, wa filimbi naye kwiii, nyuso zimekunjwa kama wanazika.

Juzi mwanamuziki mmoja alikuja dukani kwa Domo, akapiga magoti. "Bibi, nifundishe siri ya ule mlio."

Domo akavuta droo, akampa kikopo cha mafuta. "Siri ndiyo hii, mwanangu. Usiitumie."

"Na ainuke," wifi akadakia toka kwenye benchi. "Suruali imemfumuka nyuma."