Kikao cha kwanza cha familia yetu ya shule

Leo nimeumbuka mbele ya watoto kumi na wawili.

Shule yetu hapa Koboko imeleta mpango mpya. Wanafunzi wa sekondari, kidato cha kwanza (S1) mpaka cha sita (S6), wanawekwa pamoja kama familia, wakubwa wasaidie wadogo, na mwalimu awe mzazi.

Mzazi ni mimi, jamani.

Nikauliza kwa sauti tamu, "Nani iko na shida?"

Amina wa S1 akainua mkono. "Madam, dada mkubwa wa familia ananituma kuchota maji yake ya kuoga kila siku."

Na huyo dada tulikuwa tumetoka kumpigia makofi kwa kutunza wadogo vizuri!

Nikamfokea huyo dada: "Mtoto wa wenyewe si mfanyakazi wako!"

Amina hakushusha mkono.

"Na gauni yako, Madam, nimefua. Bado iko na maji."

Nikafunga kikao kwa sala. Ndefu.

Walimu wenzangu mnaocheka, gauni zenu nani anafua?