Kujaribu kwa Kaka

Mama ndiye aliyegundua kwamba vidonge vyake vya sukari vinaisha kabla ya wakati. Nilidhani anasahau na kumeza mara mbili. Nilipomuuliza, alinijibu kwa ukali: "Miguu ndiyo imezeeka, mwanangu. Kichwa bado changu."

Nyumbani kwetu Ilala tunaishi mama na mimi. Mtu wa tatu ni kaka yangu, anayepita kila asubuhi kumwamkia mama na kunywa chai kabla ya kwenda Kariakoo kufungua duka lake la viatu. Baba alikufa kwa saratani ya ini. Baada ya msiba tulipimwa sote, na kaka peke yake akakutwa na homa ya ini ya aina ya B. Tangu hapo alipewa kidonge kimoja cha kila siku cha kuvituliza virusi, na kila baada ya miezi sita hupigwa picha ya ini.

Sikutaka kumshuku. Lakini nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemtumia kwenye simu habari moja: wataalamu wanaichunguza dawa ya zamani ya kisukari waone kama inaweza kuizuia saratani ya ini kwa wenye virusi. Nilimtumia ili apate moyo. Chai ikanishinda, nikaenda dukani kwake, Mtaa wa Kongo.

Nilimkuta amemwinamia mteja. "Jaribu, dada, kujaribu bure! Huo mguu umezaliwa kwa ajili ya hiki kiatu." Suruali ilikuwa imemlegea kiunoni. Jirani yake muuza mikoba akanidaka: "Ndugu yako amefunga Ramadhani ya peke yake. Chapati tunamlia sisi, yeye anashinda chooni!"

Mteja alipoondoka nikamuuliza kaka waziwazi kama anachukua dawa ya mama.

"Si wewe uliyenitumia? Imeandikwa inajaribiwa. Na mimi nikajaribu."

"Na kile kidonge chako?"

"Nimekipumzisha. Dawa mbili kwa ini moja, si nitaliua?"

"Tangu lini?"

"Wiki ya tano hii. Mbona umekodoa macho?"

Kwake yeye, kujaribu ni kuingiza mguu, kutembea hatua mbili juu ya boksi lililokunjuliwa, na kikibana unavua. Hakuna aliyewahi kudhurika. Kwenye ile habari, neno hilohilo lilikuwa na maana ya watu waliochaguliwa, wanaopimwa na kufuatiliwa, na jibu lilikuwa bado halijapatikana. Mimi nililisoma neno hilo nikalipita. Sikufikiri litasomwaje Mtaa wa Kongo.

Kesho yake tulikuwa kliniki Upanga kabla milango haijafunguliwa. Daktari, mama wa makamo, aliitikia shikamoo zetu, akamsikiliza kaka mpaka mwisho.

"Nani alikuruhusu kuacha dawa ya virusi?"

Kaka akanitazama. Nikasema habari nilimtumia mimi.

"Habari ni ya kweli," daktari alisema, "ila haikukuhusu wewe, baba. Hiyo ya sukari kwako haijathibitishwa, na ndiyo inayokuharisha. Hii uliyoiacha ndiyo inayokulinda."

Picha ya ini haikuonyesha uvimbe. Damu ndiyo iliyoleta neno baya: virusi vimeamka, na ini limeanza kuumia. Alirudishiwa kidonge chake siku hiyohiyo, akaambiwa arudi kupimwa baada ya mwezi.

Mwezi huo haujaisha. Anameza dawa mbele yangu kila asubuhi, akifungua mdomo kunionyesha ulimi kwa kejeli. Siridhiki. Namvuta mpaka mlangoni kwenye mwanga, natafuta umanjano kwenye weupe wa macho yake.

"Unanikagua kama noti bandia," ananiambia.

Namwambia anyamaze, atazame juu.